Nani garasa? Ubishi wa Simba na Yanga umevuka mpaka!

Wiki hii nawachokoza watu wangu wa Simba na Yanga, na anayetaka kuninunia aanze sasa hivi, asisubiri nifike mwisho.

Pale Kunduchi Mtongani, ukishuka kwenye daladala ukashika njia ya pwani wanakonadi samaki, kuna ubishi ambao haujawahi kulala: ni mchezaji gani anasifiwa kuliko mpira wake? Wengine wanamwita "mchezaji wa magazetini", wengine wanamwita garasa, kama ile karata isiyo na thamani. Ubishi unaanza asubuhi kwenye kahawa, mchana umehamia kwa wale wa bodaboda, usiku utaukuta kwa muuza chips. Na kila siku namwona mtu yule yule akimtetea mchezaji ambaye miezi sita nyuma alikuwa akimtukana. Jezi imebadilika, basi!

Ushahidi? Clatous Chama. Mzambia huyu alitua Msimbazi mwaka 2018. Machi 16, 2019, dakika za mwisho kabisa, aliifunga AS Vita ya Kongo, Simba ikashinda 2-1 na kutinga robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Uwanja wa Taifa ulikuwa kama unataka kubomoka. Watu wa Yanga wakasema nini? "Huyo hakabi, mzee, anapambwa tu na magazeti." Wameimba wimbo huo miaka na miaka. Julai 2024 Chama akavuka, akavaa kijani na njano. Ghafla bin vuu, wale wale wakaanza kumwita fundi! Na Wekundu nao, bila haya, eti "tulishamchoka siku nyingi". Miguu ni ile ile jamani.

Sasa mnataka nitaje jina. Nataja. Kwangu mimi aliyepaishwa kuliko wote katika miaka hii ni Bernard Morrison. Tulieni kwanza. Kipaji anacho, tena kikubwa, na Machi 8, 2020 faulo yake iliizamisha Simba 1-0 mbele ya nchi nzima. Lakini goli lile lilimlisha muda mrefu mno. Agosti mwaka huo huo akahamia Simba, mkataba wake ukawa kesi mpaka kule Uswisi kwenye mahakama ya michezo, na mwaka 2022 akarudi Yanga. Ukipima kurasa alizoandikwa na mabao aliyofunga, kurasa zinashinda kwa mbali. Vituko vilitufurahisha, sawa, lakini ligi si mechi moja ya Kariakoo. Ligi ni kwenda Mbeya, kwenda Ruangwa, kucheza kwenye jua na beki anayekukanyaga vidole huku mwamuzi anaangalia pembeni.

Najua jibu lenu. "Mbona Luis Miquissone humsemi?" Huyo namtetea. Februari 23, 2021 aliifunga Al Ahly, bingwa wa Afrika wakati huo, Simba ikashinda 1-0. Ile haikuwa sifa ya bure, na Waarabu wenyewe wakaja kumnunua. Aliporudi mwaka 2023 hakuwa yule tena, watu wakaanza kumzomea. Kosa ni letu sisi tuliodhani mchezaji anawekwa kwenye deli la barafu kama changu, ukifungua baada ya miaka 2 unamkuta vile vile.

Na Mayele je? Watu wa Simba walikuwa wanasema hana lolote, kazi yake kutetema tu. Haya, tuhesabu. Msimu wa 2022/23 alifunga mabao 17 kwenye ligi, akalingana na Saido wa Simba. Akafunga 7 Kombe la Shirikisho, akawa mfungaji bora wa Afrika nzima kwenye kombe lile, Yanga ikafika fainali na kulikosa kombe kwa magoli ya ugenini dhidi ya USM Alger. Akaenda Pyramids ya Misri na mwaka 2025 akabeba Ligi ya Mabingwa, tena fainali kaifungia timu yake. Hapo ndipo ninapopimia mimi: akitoka kwetu, akienda mahali ambako hakuna anayemjua wala kumpigia vuvuzela, anafanya nini? Mayele amejibu.

Sasa inaniuma upande wa pili, wa Wabongo wenyewe. Mbwana Samatta amekuwa bingwa wa Afrika na TP Mazembe mwaka 2015, amekuwa bingwa wa Ubelgiji na Genk mwaka 2019, amefunga Anfield, na Machi 1, 2020 amefunga Wembley kwenye fainali dhidi ya Manchester City. Bado kijiweni utamsikia mtu ambaye mechi ya mchangani tu alikuwa anakaa benchi akisema, "Samatta wa kawaida sana, Aston Villa kachemsha." Kachemsha! Kwenye Ligi Kuu ya Uingereza! Wewe umechemshia wapi?

Feisal Salum naye msimu wa 2023/24 alifunga mabao 19 akiwa Azam, wakati Aziz Ki wa Yanga aliyechukua kiatu alikuwa na 21. Tofauti mabao 2 tu. Kumbuka Fei ni kiungo, mtoto wa Zanzibar. Nani alivaa jezi yenye jina lake mtaani kwetu? Mimi sijamwona.

Tukimsifia Mbongo, basi tunamsifia akiwa bado mtoto. Kelvin John tulimwita Mbappe hata ndevu hajaota. Mwaka 2019 Afrika ya vijana chini ya miaka 17 ikachezwa hapa hapa Dar, Serengeti Boys wakafungwa mechi zote 3, na watu wakamgeuka dogo kana kwamba yeye alijipa lile jina. Bahati yake alikuwa na watu wa kumshika mkono, mwaka 2021 akafika Genk.

Wa kwetu Kunduchi hakuwa na watu hao. Kuna dogo mmoja hapa, jina namfichia, mguu wake wa kushoto si wa kawaida. Maji yakipwa, mpira ukichezwa pale mchangani, watu wazima walikuwa wanaacha nyavu waje kumtazama. Wakamwita Chama. Wakamwambia mazoezi ya nini, wewe umeshaiva. Shule akaacha. Akaenda kujaribiwa kwenye timu moja mjini, siku ya kwanza akapiga chenga zake, siku ya pili wakawakimbiza raundi uwanja mzima, pumzi ikamwishia mapema, wakamrudisha. Aliporudi, wale wale wakambatiza upya. Garasa.

Sasa hivi ana miaka 19, anaparua samaki za watu pale pwani, malipo ni kwa ndoo. Jioni bado anacheza, na mguu bado upo.

Juzi nikawauliza wazee wa kijiwe: jamani, kuna timu ya daraja la chini inatafuta vijana, tukichanga nauli na viatu, si dogo anajaribu tena? Mmoja akaangalia simu yake. Mwingine akasema, "Mjomba, hali ngumu." Wa tatu akakohoa, akamaliza kahawa, akaniuliza kama kweli nina akili timamu kumwita Morrison mchezaji wa magazetini. Wote wakaamka, ubishi ukaanza upya mpaka saa tatu usiku.