Mbegu ipimwe mara moja, cheti kikubalike pande zote za mpaka

Mteja wa mihogo katika soko la Ntinda, Kampala, akitia shaka humwambia muuzaji akate. Ndani pakiwa peupe, biashara inaendelea. Pakiwa na madoa makavu ya kahawia, mteja anahamia meza ya jirani. Kwa mhogo wa kula, kisu kinatosha. Kwa pingili za kupanda na marando ya viazi vitamu yanayovushwa Busia, Malaba au Mutukula, kisu hakioni kitu, na jicho la mkaguzi halioni zaidi sana.

Sababu ni kwamba virusi vya mimea havitembei kimoja kimoja. Kwenye viazi vitamu, kirusi cha SPFMV, kinachoenezwa na vidukari, kikiwa peke yake mara nyingi hakionyeshi dalili ya maana. Kikikutana na SPCSV, kinacholetwa na inzi weupe, majani yanadumaa na mavuno yanaporomoka. Ugonjwa wa mahindi wa MLN, ulioonekana Bomet, Kenya, mwaka 2011, nao huzaliwa na virusi viwili vinavyosaidiana. Michirizi ya kahawia ya mihogo ina virusi vya aina mbili, CBSV na UCBSV. Maabara inayotafuta kimoja tu, ikakikosa, itatoa cheti safi kwa mzigo mchafu.

Uganda inalijua hilo kwa gharama kubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali ilianzia Luwero, kaskazini ya Kampala, ikasambaa. Wakulima wengi waliacha mihogo, na mahali pengine njaa ikaingia. Mwaka 1997 wanasayansi waliosoma vinasaba walikuta kirusi kipya, kilichotokana na virusi viwili vya batobato kubadilishana vipande. Vipimo vya zamani vya kingamwili vilikiona kama kile kirusi cha siku zote. Kirusi hicho hakikusimama mpakani; kiliingia magharibi mwa Kenya, kisha Kagera.

Kipimo kinachoweza kutenganisha virusi hivi ni PCR, kilekile ambacho madereva wa malori walikizoea wakati wa korona. Hunakili kipande cha vinasaba vya kirusi mara nyingi hadi kionekane, na kikiandaliwa vizuri, jani moja hupimwa virusi kadhaa kwa mkupuo mmoja.

Gharama ndiyo kikwazo cha kweli. Kumtoza mama anayevusha mafungu mawili ya marando ni kumsukuma kwenye njia za panya, na marando yake yatafika tu, bila kupimwa. Kwa hiyo kipimo kisifanyiwe mpakani. Kifanyike kwenye mashamba ya kuzalisha mbegu, kabla pingili hazijakatwa. Hapo gharama ya sampuli chache inagawanywa kwa maelfu ya pingili, na mfanyabiashara ananunua mzigo wenye cheti tayari.

Cheti hicho kina maana ikiwa upande wa pili utakikubali. Mwaka 2020 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianzisha mfumo wa kidijitali ili cheti cha korona cha dereva kitambulike nchi nyingine. Hata hivyo, Januari 2022 amri ya kumpima kila dereva anayeingia Uganda ilizua foleni ya makumi ya kilomita, na bei ya mafuta Kampala ikapaa. Marando hayawezi kusubiri foleni ya namna hiyo. Yanakauka.

KEPHIS ya Kenya, TPHPA ya Tanzania na wizara ya kilimo iliyoko Entebbe zikubaliane orodha moja ya virusi kwa kila zao na njia moja ya kupima, kisha maabara zao zibadilishane sampuli zilezile kila mwaka kuona kama majibu yanalingana. Bila zoezi hilo hakuna mkaguzi atakayeamini karatasi ya jirani, na hapaswi kulaumiwa. Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda, linalotoa vibali vya utafiti, lina ofisi hapohapo Ntinda. Lingeweza kuweka sharti kwamba anayechukua majani shambani kwa utafiti wa virusi arudishe majibu kwa wakulima na wauza mbegu, kwa lugha wanayoisoma.