Aliyekopesha Ndiye Athibitishe Deni

Kitambulisho cha Mkenya kinaweza kukopa pesa mwenyewe akiwa usingizini. Tapeli hahitaji hata kukiiba. Nambari yake na picha yake zinamtosha, na zote mbili tunazigawa kila siku: kwa bawabu mwenye kitabu cha wageni langoni, kwa wakala wa pesa za simu, kwa mwenye saiba tunayemwachia atoe nakala, kwa kijana wa mwavuli kando ya barabara anayesajili laini na kuomba apige picha tena kwa kuwa ya kwanza haikutoka vizuri. Picha hiyo ya pili inaweza kusajili laini ya mtu usiyemjua kwa jina lako. Usajili wa laini ulipohimizwa mwaka 2022, wengi walikagua majina yao wakakuta nambari ambazo hawajawahi kuzishika.

Laini ikishapatikana, hufunguliwa akaunti ya pesa. Pesa zikizungushwa humo kwa muda, mikopo huanza kumiminika. Tangu M-Shwari ilipoanza Novemba 2012 na Fuliza Januari 2019, mkopo wa simu umewaokoa watu wengi wasio na hati ya shamba wala hati ya mshahara. Gazeti hili halitaki mlango huo ufungwe. Tunachosema ni kwamba wepesi unaomfaa mama mboga unamfaa pia mwizi, na mwizi halipi.

Wengine hunyang'anywa laini yao wenyewe. Mtu mwenye sauti ya upole hupiga simu, akajiita wa huduma kwa wateja, akakutajia majina yako yote matatu, kisha akaomba nambari ya kitambulisho au ya siri ili arekebishe hitilafu. Muda si muda simu yako inakosa mtandao kwa sababu laini imehamia kwake. Atamaliza akiba, halafu atakopa hadi kikomo.

Pesa zilizoibwa zinauma, lakini jina lililochafuliwa linauma kwa muda mrefu zaidi. Kanuni za mwaka 2020 zinakataza mtu kuorodheshwa na mashirika ya habari za mikopo, yaani CRB, kwa deni lisilofika Sh1,000. Zinamtaka mkopeshaji atoe notisi ya siku 30 kabla ya kupeleka jina. Ila notisi hiyo hutumwa kwa nambari iliyokopa, na nambari iliyokopa iko mfukoni mwa tapeli! Mwenye jina hugutuka siku anapoomba mkopo wa karo, au anapotakiwa kuleta cheti cha CRB ndipo aajiriwe.

Hapo ndipo anapoanza kuzungushwa. CRB wanamrudisha kwa mkopeshaji, mkopeshaji anataka nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, nao polisi wanauliza ushahidi uko wapi. Anadaiwa athibitishe kwamba hakufanya jambo ambalo hakulifanya. Wapo wanaochoka wakalipa deni la mwizi ili jina lisafike, bila kujua kwamba hata deni likishalipwa, kumbukumbu ya kutolipa kwa wakati inaweza kubaki kwenye faili kwa miaka mitano. Huu ni udhalimu, na hauna sababu ya kuendelea.

Benki Kuu imekuwa na mamlaka juu ya wakopeshaji wa kidijitali tangu sheria yake iliporekebishwa mwishoni mwa 2021. Iyatumie. Mwananchi akisema deni si lake, jina lake liondolewe kwenye orodha siku hiyo hiyo, na mkopeshaji ashirikiane na kampuni ya simu kuonyesha laini ilisajiliwa na wakala gani, kwa picha ipi, na pesa zilielekea wapi. Kumbukumbu hizo wanazo wao. Mwananchi hana hata moja.

Aidha, tupewe haki ya kufunga faili zetu za mikopo. Marekani, baada ya wadukuzi kuchota taarifa za watu wapatao milioni 147 kutoka shirika la habari za mikopo la Equifax mwaka 2017, sheria ya 2018 iliyalazimisha mashirika makuu ya mikopo kumfungia raia faili bila malipo, ili asitokee mtu wa kukopa kwa jina lake. Mojawapo ya mashirika hayo ni TransUnion, ambayo pia ina leseni ya CRB hapa Kenya. Linaloweza kufanywa huko haliwezi kuwa muujiza Nairobi.

Wakati tunaisubiri serikali, bonyeza *106# leo uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Wa Safaricom, bonyeza *100*100# ili laini yako isibadilishwe bila wewe kufika dukani, na ukumbuke kwamba kampuni hiyo hukupigia kwa 0722 000 000 pekee. Chukua ripoti yako ya CRB; ya kwanza kila mwaka ni bure. Nakala ya kitambulisho unayomwachia mtu, andika juu yake kwa wino kazi yake na tarehe.

Na wenye majengo waache kuandika nambari za vitambulisho vyetu katika madaftari yanayolala wazi mezani, ambayo kila mgeni anaweza kuyasoma akisubiri zamu yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu nao, na Kamishna wa Data, aliyemtoza mkopeshaji mmoja wa kidijitali faini ya karibu Sh3 milioni mwaka 2023, aanze kupita malangoni.