Sawyer na Oshkosh: majina mawili ya msitu mmoja

Jina Sawyer maana yake ni mpasua mbao. Inavutia kuanzia hapo, kana kwamba jina ndilo lililomchagulia Philetus Sawyer kazi. Alizaliwa Vermont, Marekani, mwaka 1816, akahamia Wisconsin mwaka 1847, akatajirika kwa mbao, akaingia bunge la jimbo mwaka 1857, na baadaye Seneti ya Washington.

Mimi ningeanzia kwenye jina la mji alikotajirikia. Unaitwa Oshkosh, na Oshkosh alikuwa chifu wa Wamenominee. Mwaka 1836 aliweka alama ya x chini ya mkataba ulioandikwa kwa Kiingereza, na watu wake wakapoteza ekari zipatazo milioni 4. Misonobari ya huko ndiyo iliyoteremshwa kwa mto Wolf hadi kwenye misumeno ya akina Sawyer. Chifu aliachiwa mji. Sawyer, mwaka 1883, akapewa wilaya nzima.

Sisi wa isimu, tunaopenda asili ya majina, tusimsimulie tajiri huyu bila Wamenominee. Lugha yao leo imebaki na wazee wachache mno waliojifunza kuisema utotoni.