Moto Wangu, Moshi Wako

Katika majimbo ya kaskazini mwa Marekani, ambako theluji hukaa miezi kadhaa, wako watu wanaopasha nyumba zao joto kwa tanuri la kuni lililo nje, mfano wa kibanda chenye bomba fupi la moshi. Moto umezungukwa na maji; yakishapata joto husukumwa katika mabomba yaliyofukiwa ardhini hadi nyumbani. Mwenye nyumba huota joto pasipo jivu wala moshi, na kuni za msituni mwake humwepusha na gharama ya mafuta. Simlaumu, baridi ya huko haina mzaha.

Moshi je? Nyumba ikitosheka na joto, tanuri hubana hewa, kuni zikafukuta badala ya kuwaka, na moshi mzito hutambaa chini hadi dirishani kwa jirani. Sisi tuliolelewa kando ya mafiga twaujua moshi wa namna hiyo.

Jimbo la New York liliweka kanuni mwaka 2011: tanuri jipya la nyumbani likae angalau futi 100 kutoka mpaka wa jirani, na bomba lake lisipungue futi 18. Mwaka 2015 serikali kuu nayo ilitoa viwango vya moshi, lakini viwango hivyo vyawabana watengenezaji na wauzaji wa matanuri mapya. La zamani laendelea kufuka. Hapo ndipo ninapotofautiana na sheria hiyo: pafu la mtoto wa jirani haliulizi tanuri lilinunuliwa mwaka gani. Serikali imsaidie mwenye tanuri kuukuu kulibadilisha, kisha imwekee siku ya mwisho.