Barua ya mumoja ikuwe ya ekipe yote

Ku biro za kampuni za mine, ikuwe Kolwezi, Likasi ao Lubumbashi, barua haianzaka kuandikwa mupya kila siku. Wakati shefu anataka kumupa mutumikaji «demande d'explication», sekretere anafungua modeli yenye iko tayari mu kompyuta, anabadirisha jina, matricule na tarehe, anachapa, inaisha. Dakika tano tu. «Mise à pied», vile vile. «Préavis», vile vile. Hatubalaumu juu ya ile. Ni akili ya kazi.

Lakini muangalie sasa upande wetu. Mutumikaji wa pozi ya usiku anatoka ku kazi asubui, macho mekundu, na palepale banamupa karatasi. Bamemupa muda mufupi wa kujibu, pengine siku moja, pengine mbili. Kifaransa cha biro kinamupita. Anatafuta mutoto wa jirani mwenye alisoma, hayuko. Anaenda ku «secrétariat public» kando ya barabara, analipa franga, na yule kijana mwenye kuandika hajue kitu juu ya kazi ya mine. Barua inatoka na maneno mengi ya heshima, na ndani yake mutumikaji anaomba musamaha kwa kosa yenye hakufanya. Anatia mukono. Ile karatasi inaingia mu dosye yake, na siku ya kumufukuza, njo itasomwa mbele ya zote.

Na mu ekipe yake mwenyewe, muko mwenzake mwenye alipata karatasi ya namna ile mwaka uliopita, akajibu muzuri, na mambo ikaisha. Ile barua yake nzuri iko wapi? Iko mu telefone yake. Ao mu valizi chini ya kitanda. Hakuna mwenye aliiomba, na yeye hakufikiri kuitoa.

Wazo langu ni hili: kila ekipe ikuwe na barua zake za modeli, na zigawanywe bure kwa kila mumoja. Yenye alisaidia mumoja, isaidie bote.

Kuko bantu benye kusema barua ni mambo ya babiro, mutu wa mine anajua kazi ya mikono. Sheria haisemi vile. Sheria ya kazi ya inchi yetu, yenye ilitoka tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002 na ikabadirishwa mu sehemu fulani mwaka 2016, inahesabu karatasi na tarehe. Muangalie mifano mitatu.

Wa kwanza: kifungu 72. Mwajiri mwenye anataka kukufukuza palepale juu ya «faute lourde» anapashwa kukujulisha kwa maandishi mu siku 15 za kazi, kuanzia siku alijua ile mambo. Kama hauna karatasi yenye kuonyesha tarehe, utapima namna gani hizo siku 15? Barua yako ya kujibu, yenye kuandika «nimepata karatasi yenu siku fulani», njo saa yako.

Wa pili: kifungu 317. Deni ya mushahara inakufa kisha mwaka 1. Madai mengi ingine yenye kutoka mu kontra inakufa kisha miaka 3. Na ile hesabu haisimamishwe na kelele ku mulango wa kampuni, wala na maneno ya shefu kwamba «tutaona mwezi unaokuja». Inasimamishwa na kufungua kesi, na madai mbele ya inspecteur du travail, ao na barua ya madai yenye ulituma kwa mwajiri kwa posta ya «recommandé» ao yenye ulimupa mu mikono akakupa ushuhuda kwamba aliipokea. Bantu bengi banakaa na deni ya mwaka moja na nusu, banaingojea kwa uvumilivu, na uvumilivu njo unaiua.

Wa tatu: kifungu 298. Mbele ya kufika ku tribunal ya kazi, mutumikaji mwenye iko na mugogoro wake mwenyewe anapashwa kupita kwanza kwa inspecteur du travail juu ya upatanisho. Kule utafika na nini mu mikono? Na hasira tu? Ao na kopi za barua?

Basi modeli gani zinaomba zikuwe mu ekipe? Mimi ninaona tano.

Modeli ya 1 ni jibu ya «demande d'explication». Isianze na musamaha. Ianze na tarehe ya kupata karatasi, kisha iseme mambo yenye ilifanyika: saa, mahali, mashini gani, nani alikuwa pale. Mwisho iseme yenye unaomba.

Modeli ya 2 ni ya kudai mushahara, saa za yulu, ao «décompte final». Hapa hesabu inapashwa kuwa ndani. Kwa mufano, mutumikaji wa kontra isiyo na mwisho mwenye mwajiri anamutoa na préavis, kiasi cha chini mu sheria ni siku 14 za kazi, pamoja na siku 7 za kazi kwa kila mwaka muzima. Mwenye alitumika miaka 8 iko na 14 na 56, ni siku 70 za kazi. Ile hesabu ikiandikwa mara moja mu modeli, kila muntu ataweka miaka yake na kuhesabu mwenyewe.

Modeli ya 3 ni ya kupeleka mugogoro kwa inspecteur du travail.

Modeli ya 4 ni imeli ya kujulisha hatari: freni ya kamiyo inalegea, ukuta wa shimo unapasuka, maski zimeisha. Iwe mufupi kabisa: mashini namba gani, nimeona nini, saa ngapi, nimemuambia nani. Dereva akiwa na ile modeli mu telefone, anaandika mu dakika mbili mbele ya kutoka ku pozi. Na siku ajali inatokea, hakuna mwenye atasema «dereva hakutujulisha». Hii modeli inaweza kuchunga roho ya muntu, haiko kazi yake tu.

Modeli ya 5 ni ya familia: barua ya mujane ao ya batoto kwa mwajiri na kwa CNSS, juu ya kudai haki za marehemu. Bamama, hii ni yenu. Musingojee matanga njo mutafute nani anajua kuandika.

Neno moja juu ya imeli. Ni muzuri, inabeba tarehe na saa, na haipotee mu mufuko wa suruali. Lakini kwa madai ya franga musiitumainie peke yake, sababu sheria inaongea juu ya recommandé na barua yenye kupokelewa kwa ushuhuda. Tuma imeli, kisha uchape ile barua mara mbili, upeleke, na kopi yako batie tampon na tarehe. Kopi bila tampon ni karatasi ya kufungia karanga.

Najua maneno yenye itasemwa. Wa kwanza atasema: «Mimi nililipa avocat juu ya ile barua, sababu gani niigawe bure?» Ndugu yangu, ukiona jiwe ya yulu inapasuka mu shimo, unauzisha ile habari kwa benzako? Unapiga kelele, bote batoke. Ile avocat ulimulipa juu ya mambo yako, na mambo yako itabakia yako. Yenye tunaomba ni mifupa ya barua, haiko nyama. Na kesho, wakati utakuwa na mambo ya CNSS yenye haujue, mwenzako njo atakupa yake.

Wa pili atasema: «Bakubwa bakiona barua kumi zenye kufanana, batasema kuko muntu anatuchochea.» Demande d'explication zao zenyewe, hazifanane? Barua kufanana haiko kosa. Kosa ni mambo ya ndani kufanana wakati haikufanyika sawasawa. Na hapa yule mwenye kuogopa iko na haki nusu, sababu modeli yenye kutumiwa vibaya inakata mukono wa mwenye kuishika. Muntu akisahau kutoa tarehe ya mwenzake, ao akaandika kwamba alikuwa ku kamiyo wakati siku ile alikuwa ku atelye, barua nzima inageuka bongo. RH haitamusamehe, na inspecteur hatamuamini tena.

Njo maana kugawa modeli kunaomba kanuni. Mbele ya kuitoa, futa majina yote, matricule, namba za telefone, na mambo ya ugonjwa. Pahali pa jina acha nukta, pahali pa tarehe acha nukta. Usitupe mu grupu ya WhatsApp foto ya barua ya kweli ya muntu, hata kama ni ya ndugu yako, sababu kesho ile foto itafika ku biro. Tuma maandishi yenye mutu anaweza kubadirisha, siyo foto. Na kila mwenye kuitumia aisome neno kwa neno mbele ya kutia mukono. Kama hajue Kifaransa muzuri, asomewe na kuelezwa mu Kiswahili. Usitie mukono ku kintu hauelewe, hata kama mwenzako njo aliandika.

Tena, modeli inazeeka. Kungali bantu benye kutembeza barua zenye kuandikiwa INSS, wakati tangu mwaka 2018 ni CNSS. Kungali zenye kutaja vifungu kama vile vilikuwa mbele ya mwaka 2016. Kwa hiyo ekipe ichague mutu mumoja wa kuchunga modeli, na yulu ya kila moja aandike tarehe ya mwisho yenye iliangaliwa. Delege wa sendika njo mwenye inamufaa zaidi, sababu yeye iko na njia ya kuuliza avocat wa sendika. Lakini benye kutumika mu sous-traitance, bengi bao habana delege mwenye kubatetea, na kontra zao ni za miezi tu. Bao njo bako na lazima zaidi. Musiwafiche modeli sababu overoli yao iko na jina ya kampuni ingine. Vumbi munakula ni moja.

Bazee betu ba Gécamines banajua uzito wa karatasi. Mu mwaka 2003, batumikaji zaidi ya 10 000 balianza kutoka mu mupango wa «départs volontaires», na bengi bangali banadai mupaka leo. Mutoto wa Gécamines akikuta mu sanduku ya baba yake kopi zenye tarehe na tampon, iko na pa kuanzia. Akikuta sanduku tupu, anabakia na hadisi tu.

Basi, siku ya mapumuziko yenye kuja, ekipe ikae pamoja na delege. Kila mumoja alete barua moja yenye ilimusaidia. Muchague nzuri, mufute majina, muandike tarehe, mugawe. Na ukifika ku nyumba, uonyeshe mama pahali unawekaka kopi zako. Mwajiri iko na modeli zake mu kompyuta. Sisi pia tukuwe na zetu.