Unaponunua gari, unalipia injini au unalipia jina?

KIZURI chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga. Watengenezaji wa magari hawasubiri kizuri kijiuze. Hukitafutia jina kwanza, kwa kuwa jina ndilo linalochagua mteja na kupanga bei.

Mfano mzuri ni Toyota Harrier, gari linaloonekana sana katika barabara zetu. Lilianza kuuzwa Japan Desemba 1997. Mwaka 1998 gari hilohilo likaingia Marekani likiitwa Lexus RX 300. Toyota ilikuwa imeanzisha Lexus mwaka 1989 ili kuwapata matajiri wa huko, waliozoea kuiona Toyota kama gari la watu wa kawaida. Japan kwenyewe, magari ya Lexus hayakuuzwa hadi 2005, hivyo Harrier ikapewa jina la ndege wa jamii ya mwewe na nembo yake ya mbele, isifanane na Toyota nyingine.

Harrier ya 2013 haikuwa tena pacha wa RX. Ilijengwa juu ya msingi wa RAV4. Jina lilibaki, undugu ukahama.

Namba nazo hazisemi kila kitu. RX 300 ya 1998 ilikuwa na injini ya lita 3.0, lakini RX 300 iliyotoka mwishoni mwa 2017 ina injini ya lita 2.0 yenye turbo.

Wajerumani nao wana mbinu yao. Mwishoni mwa 2014, Mercedes-Benz ilitangaza kuwa magari yake ya juu yataanza na herufi GL, na herufi ya mwisho itaonyesha ukubwa: GLA, GLC, GLE na GLS. GLA ni ndugu wa A-Class, gari dogo la kampuni hiyo. Hata hivyo, kwa herufi mbili za mwanzo linahesabiwa ukoo mmoja na GLS, kubwa kuliko yote. Mnunuzi wa kitinda mimba analipia pia heshima ya kaka mkubwa.

Huo si wizi. Hata muuza mchele anajua kuwa gunia likitajwa kuwa la Kyela, mteja habishani sana juu ya bei. Tatizo huanza mnunuzi anapoishia kwenye jina.

Mfanyabiashara anayetafuta gari lililotumika asome namba ya chesisi na ujazo wa injini kabla ya kutoa fedha. Kwa Harrier za toleo la pili, zilizoanza 2003, chesisi inayoanza na ACU3 ni ya injini ya lita 2.4, na MCU3 ni ya lita 3.0. Tofauti hiyo utaikuta kituo cha mafuta kila wiki.

Jina hulipiwa siku moja. Injini hulipiwa kila siku.