Maneno ya Shule Yapelekwe Shuleni

Ndugu mkulima, kila asubuhi pale tunapopimia maziwa wazazi hubishana juu ya shule yetu ya msingi. Mmoja asema walimu ni hodari. Mwingine asema watoto wamejazana darasani, afadhali auze ndama ampeleke wake shule ya kulipia. Lakini mwalimu mkuu hayupo penye maziwa.

Tangu mwaka 2003 hatutozwi karo, tukadhani kazi ya mzazi imekwisha. Sivyo. Kwa Sheria ya Elimu ya 2013, kila mzazi wa mwanafunzi ni mwanachama wa chama cha wazazi. Ng'ombe akipunguza maziwa, humwuzi kabla ya kutazama majani na maji yake. Basi nenda mkutanoni, tazama madaftari, uliza. Ndipo uamue juu ya ndama wako.